Watakufa Kumi Kila Upande

Rasbura, Lindi
14 Agosti 1953

Dada yangu Apolonia,

Shikamoo, dada. Nyingine mpe mama, na shemeji Severini mwambie namwamkia hata kama bado amenuna kwa ajili ya yule jogoo wake niliyemchinja Pasaka. Natumaini mguu wa mama umepungua uvimbe, na mihogo yenu imenusurika na nguruwe mwaka huu. Sisi huku miili haina neno, homa imetupitia mbali. Ni hayo mengine yaliyonifanya nishike kalamu.

Wanaokuletea barua hii ni Lusia na Xaveri wenyewe. Nimewakabidhi kwa Gregori, dereva wa lori unayemfahamu, awashushe mlangoni kwako. Wamebeba nguo zao zote, usishangae. Na barua yenyewe isome peke yako, polepole, kama masista walivyotufundisha. Usimpe mwalimu akusomee, wala usiisome mbele ya mama. Nataka unitafutie mtu hapo Kilangala. Asipopatikana kabla ya Jumapili ya wiki ijayo, sioni mume wangu atapona vipi.

Unaikumbuka bustani ya umma nyuma ya kwetu, yenye mivinje, ulikoanika makopa ulipokuja kunitunza nilipojifungua Xaveri. Mabenchi yake mawili hayakuwa na mkaaji ila mbuzi na Likwata, yule muuza kuni mlevi ambaye ulimpa koti kuukuu la shemeji. Basi baada ya Pasaka alikuja karani mmoja wa bomani, Mgoa, jina lake Sebastiani, akasema pale patafanywa uwanja wa kriketi. Alisema hautakuwa wa klabu ya Wahindi wala wa Wazungu, utakuwa wa mtaa mzima, na kila mwenye mikono atafundishwa. Kazi ya kuutengeneza akampa Kornelio, kwa sababu kwenye shamba la mkonge alikokuwa zamani Wazungu walikuwa na uwanja wa namna hiyo, na yeye ndiye aliyeutunza.

Sijapata kumwona mume wangu na furaha ile. Unamjua alivyo mzito wa kusema, lakini alianza hata kuimba akioga. Nilimtania kwamba ameoa mke wa pili, na mke mwenyewe ni majani.

Wenzetu wa mtaani hawakuwa na hamu ya utani. Mzee Bakary, jumbe wetu, alisema hakuulizwa. Wanawake walisema kamba imezungushwa bustani nzima na hakuna tena pa kuanika. Hayo yalikuwa manung'uniko ya kawaida, nami nilimwambia Kornelio aende akakae nao barazani awaeleze huo mchezo ni kitu gani. Akanijibu kwamba wataona wenyewe kazi ikiisha. Ukaidi wa watu wa kwao unaujua, sina haja ya kukueleza.

Kisha akachimba. Katikati ya uwanja wa kriketi panatakiwa njia ngumu, ndefu na nyembamba, ambapo mpira unadundia. Kwa hiyo alichimba shimo la kina cha goti, refu kuliko nyumba yetu, ili alijaze udongo wa kichuguu, maana huo ukilowa na kushindiliwa hushikana kama sakafu. Ungepita pale siku zile, dada, ungeona kaburi. Hata mimi niliona kaburi, tena la watu wengi waliolazwa kwa mstari. Pembeni ulikuwa umekunjwa mkeka wa makumbi ya nazi, umesukwa kwa kipimo cha shimo lilelile, wa kuja kutandikwa juu yake. Na udongo wa vichuguu vya huku ni mwekundu. Kornelio alikuwa akirudi amechafuka mpaka kifuani, na nikizifua nguo zake maji yanabadilika rangi. Siku moja nilipozianika uani, jirani yangu Mwanaima alisimama akazitazama, kisha akaingia ndani kwake bila kuniaga.

Neno mumiani nililisikia kwanza kwa wachuuzi wa samaki. Walisema damu ya watu inatakiwa Ulaya ikafanyiwe dawa, na kwamba yule Mgoa ameahidiwa cheo akiipata. Ushahidi wao ulikuwa mipira. Kornelio aliletewa mipira ya ngozi, migumu kama mawe, myekundu, akaiweka ndani ya debe chini ya kitanda chetu isiibiwe. Aliyeichungulia akaenda kutangaza kwamba imechovywa damu. Nilicheka mpaka nikatoka machozi. Niliwaambia kama mume wangu anauza damu, basi angeanza na ya mbu wa Rasbura, maana hao wameshiba.

Aliyeharibu kabisa ni Xaveri, maskini, pasipo kujua. Watoto wakicheza, anayetolewa mchezoni huambiwa amekufa. Kornelio naye, kwa kuwa hakuwa na neno jingine, alimweleza mwanawe kriketi kwa njia hiyo: upande mmoja unashika kibao, upande wa pili unawaua mmoja mmoja, na lazima wafe kumi ndipo wenzao nao waingie wakauawe. Mtoto akaenda na Lusia kisimani, akasimama mbele ya wanawake, akajisifu kwamba siku ya kufungua uwanja baba yake atasimama katikati, watakufa watu kumi kila upande, na baba ndiye atakayesema nani amekufa. Lusia aliniambia wanawake walijitwika ndoo zao hata hazijajaa, wakaondoka.

Haikupita wiki, Likwata akapotea. Alikuwa akimsaidia Kornelio kubeba udongo, ila siku moja alilewa akalala juu ya mkeka, na Kornelio akamfokea kwa sauti kubwa kwamba akimkuta tena hapo atamzika hapohapo. Ni maneno ya hasira tu, hata baba yetu alikuwa akituambia mabaya zaidi. Lakini watu walisikia. Kesho yake Likwata hakuonekana, na shimo lilikuwa limejazwa na kushindiliwa, mkeka umetandikwa.

Nilimuuliza Kornelio, akasema hajui. Jioni tukila, akasema amekumbuka: Likwata alimuaga alfajiri, akamwambia anakwenda Kilangala kwenye jando la mpwa wake, kwamba mjomba hawezi kukosekana. Inawezekana. Ndugu zake wa upande wa mama wapo huko kwenu, na huu ndio msimu wenyewe. Lakini dada, mtu aliyeagwa asubuhi anasahauje kabla ya jua kuchwa? Tena shoka la Likwata liko kwetu, nyuma ya mlango. Kornelio anasema aliachiwa alitunze. Muuza kuni anapita porini kwa miguu na shoka lake analiacha nyuma! Hilo swali sikumuuliza. Nimekuwa nikilipita lile shoka kila siku nikienda kufagia, na sikumuuliza.

Sasa nifike kwenye lililonitoa usingizi. Jumanne, Kornelio akiwa uwanjani, Mzee Bakary alikuja hapa na wazee wawili. Walipiga hodi kwa adabu, nikawatandikia, nikawapikia chai. Mzee alisema hakuja kwa shari. Alisema vijana wanataka isomwe halbadiri imwangukie aliyemla Likwata, na wengine hawataki kusubiri kisomo, wanataka kwenda na mapanga. Yeye amewazuia. Amewaambia Mama Xaveri ni mkweli, mtaa mzima unamjua, hata bei ya samaki hajui kudanganya. Kwa hiyo akaniomba kitu kimoja tu. Nishike rozari yangu mbele yao, niape kwamba mume wangu hana damu ya Likwata mikononi. Nikiapa, yeye atakwenda msikitini baada ya sala, atawaambia wote kwamba maneno yamekwisha, na atakayemgusa Kornelio atakuwa amemgusa yeye.

Niliichukua rozari. Iko ukutani, juu ya kitanda, na chini ya kitanda lipo lile debe. Nikarudi nayo mkononi nikakaa. Nilitaka kuapa, dada, nilifungua kinywa. Ndipo nikaona ile njia nyekundu imejazwa kwa siku moja, nikaona shoka, nikamsikia akisema hajui kisha akisema anajua. Maneno hayakutoka. Mzee Bakary alisubiri. Chai yake ilipoa akaiacha. Mwisho akasimama, akasema kwa upole kabisa, tumekuelewa, mwanangu, wakavaa viatu wakaenda zao.

Ndilo hilo. Mtu wa kwanza kumhukumu mume wangu ni mimi, nimekaa mkekani nimenyamaza. Tangu Jumanne akinishika mkono nauchomoa nikijidai naendea chungu, na akilala namtazama. Kuna saa namwona ni yuleyule aliyenibeba mgongoni kuvuka mto mwaka wa mafuriko, naona haya mpaka nataka kulia. Kuna saa simwoni.

Na tangu siku hiyo mtaa umetulia. Hakuna tena anayemwita mumiani. Vijana waliokuwa wakimtupia mawe sasa wanamwamkia. Alirudi juzi uso unang'aa, akaniambia nione, wamekubali wenyewe bila baraza wala maelezo, hata Mzee Bakary amemtumia salamu kwamba siku ya kufungua, Jumapili ya wiki ijayo, watakuja wanaume wote wa mtaa, hatabaki mtu nyumbani. Akaniomba nimfulie koti jeupe, refu kama la daktari, alilopewa na Sebastiani, maana mwamuzi ndiye anayevaa hilo na anasimama peke yake katikati. Nimelifua. Jana Mwanaima alipenya kwa mlango wa uani, mara ya kwanza tangu azitazame zile nguo. Alinishika mabega, akaniambia Jumapili hiyo niwafungie watoto ndani na mimi nisitoke, halafu akaenda mbio.

Utauliza kwa nini sijaenda bomani. Nikienda wataleta askari, na askari wakisimama kuulinda uwanja huo ndipo kila mtu ataamini kabisa kwamba ni wa damu. Tena wataniuliza wazee walitaka nini kwangu, na Kornelio atakuwepo akisikiliza. Utauliza pia kwa nini nisimfuate Mzee Bakary nikaape sasa. Nilikwenda. Mkewe aliniambia hayupo, na viatu vyake nikaviona mlangoni. Hata angenipokea, kiapo kinachokuja siku ya pili hakuna anayekinunua, na mimi mwenyewe sijui kama ulimi ungekubali.

Kwa hiyo nakuomba, dada. Waulize waliokuwa na jando mwezi huu. Likwata ana kovu refu shavuni, na ukimsikia anacheka utamjua. Akiwa huko, mpakie kwenye lori la Gregori linaloshuka Jumamosi ya wiki ijayo, hata kama amelewa, hata kama ni kwa kufungwa kamba, shemeji amshike. Nitamtembeza mtaa mzima nimemshika mkono, kisha nitampigia magoti mume wangu nimwambie niliyoyafanya.

Asipokuwa huko, usiniandikie neno. Nitakwenda kulipokea lori, na lisiposhusha mtu nitajua. Baki na watoto. Wewe ndiye wa kwanza na wa mwisho ninayekuambia hili: lisiposhusha mtu, sijui kama Jumapili asubuhi nitamshika Kornelio asitoke, au nitamfungia vifungo vya lile koti.

Mpe mama ile kanga iliyo ndani ya furushi la Lusia. Xaveri halali bila taa, mvumilie siku mbili tatu atazoea. Wasalimie wote wa nyumbani na majirani, na padre ukimwona.

Kornelio amepita dirishani sasa hivi, akaniuliza namwandikia nani, nikamwambia ni wewe. Amesema anakusalimu sana.

Ni mimi mdogo wako,
Tekla