Taa Inayowaka Nikitoka Malinyi

Kibaoni, Ifakara

Mke wangu Mama Tumaini,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye matope. Mwili wangu ni mzima, malaria imeniacha, ila moyo ulikuwa unachemka hadi juzijuzi. Wewe hujambo? Tumaini naye, kile kikohozi kimemwisha? Goti la mama linaendeleaje na baridi ya huko Iramba? Na kile kifurushi cha kambale wakavu, natumaini kilifika kabla wale wa kwenye basi hawajakifungua.

Ninaandika kwa mkono badala ya kupiga simu kwa sababu ukipokea simu yangu unaweka sauti kubwa, na nyumba nzima inasikia, kuanzia mama hadi jirani aliyekuja kuomba chumvi. Haya ya leo yasome peke yako kwanza.

Unakumbuka bosi wangu, Mama Rukia mwenye duka la mbolea na mbegu, alikubali nikulete wewe na mtoto mkae nami kwenye chumba cha uani, nyuma ya ghala lake. Chumba kile ni cha dereva. Asiye dereva hana chumba. Nami nimekuwa nikiahirisha safari yenu kwa visingizio, mara barabara imekatika, mara bati linavuja. Bati halivuji, mke wangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa karibu kufukuzwa kazi, na kisa chenyewe ni kitaa kidogo cha njano.

Gari ninaloendesha ni kirikuu, vile vigari vya mizigo ambavyo dereva anakalia injini. Kwenye dashibodi kuna taa yenye mchoro wa injini, na ikiwaka ujue gari lina malalamiko. Hii yetu ilikuwa na unafiki. Ninatoka Malinyi na gunia zangu za mpunga, nikikaribia Lupiro inawaka, gari linakohoa na kukosa nguvu, nafika Ifakara kwa kubembeleza. Keshokutwa nikilipeleka kwa fundi, taa imezimika, gari linanguruma vizuri kabisa, na mimi naonekana mzushi.

Fundi wetu ni Saidi, fundi umeme wa magari hapa Kibaoni. Ana kimashine anachokichomeka chini ya usukani, kinasoma kodi, yaani namba ya kosa ambalo gari limelitunza hata kama taa imezimika. Safari ya kwanza kodi ikasema sensa ya hewa, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini. Akabadilisha. Nikaenda Malinyi, taa ikawaka, kodi ikasema sensa nyingine kabisa. Akabadilisha na hiyo. Nikaenda Chita, kimya. Nikaenda tena Malinyi, ikawaka, na safari hii zikatoka kodi za kila aina, na ile sensa mpya ya hewa ikiwamo. Saidi akachomoa kimashine chake, akakifuta kwa shati.

"Elia," akaniambia, "kodi inakwambia nani analia. Haikwambii nani kampiga."

Maneno yale yaliniingia vibaya. Kwanza nilimshuku yeye mwenyewe, kwamba ananirudishia sensa za zamani alizozipiga brashi. Halafu Mama Rukia akaniita dukani na kunihamishia shuku zangu mahali pengine.

"Mwanangu Elia," akasema, "ukiwa na homa Deusi ndiye aliyekwenda Malinyi. Ulipokwenda kusajili laini, Deusi tena. Taa haijawaka hata siku moja. Wewe ukienda, inawaka. Gari nalo linachagua mtu?"

"Hata mimi nashangaa, mama."

"Basi malizia kushangaa mapema. Ikiwaka tena funguo nampa Deusi."

Deusi ni yule aliyekupigia simu nilipolazwa, ukaniambia ni mtu mwema, nami nikakukataza kupokea simu yake tena bila kukupa sababu. Sababu ndiyo hii. Ni kijana wa hapa hapa, Mndamba, ana mke na mtoto mchanga, na hana kazi nyingine zaidi ya kunishikia zamu. Nikajiuliza, gari likinishinda nani atafaidika? Jibu lilikuwa moja tu. Na tangu hapo kila alichofanya kilikuwa ushahidi. Akinisafishia kioo, najua anatafuta kisingizio cha kuingia ndani ya gari. Akiniuliza nimelalaje, najua anataka kujua kama nimeshtuka. Siku moja aliniletea embe. Nililikata kwanza, nikalitazama, kisha nikampa mbuzi wa jirani.

Nikaamua kumtega. Nilichukua njiti ya kiberiti, nikaizungushia uzi mwekundu ili nisiichanganye na nyingine, nikaibana chini ya kiti cha dereva pale kinapofunguka kuonyesha injini. Kiti kikiinuliwa, njiti itaanguka. Deusi akaenda na gari Mngeta kupeleka mbegu. Aliporudi nilikimbilia kutazama. Njiti haikuwapo, wala chini haikuwapo. Nikajua nimempata.

Nikaenda kwa Mama Rukia nimejiandaa kumwaga yote. Nikamkuta Deusi amenitangulia, amekaa kwenye gunia la mbolea, na mama anamsikiliza. Nilipoingia wakanyamaza. Kisha Mama Rukia akasema Deusi ana wazo: safari inayofuata ya Malinyi tupande wote wawili, tuone taa inawakaje. Mimi nikaona mtego. Lakini ningekataaje?

Safari nzima ya kwenda sikutoa jicho kwenye mikono yake. Aliponipa maji nilisema sina kiu, na jua lile la bonde unalisikia tu kwenye barua zangu. Yeye naye alikuwa amejikunyata mlangoni, hasemi neno, midomo inachezacheza. Nilidhani anahesabu mashimo. Baadaye nilijua alikuwa anasali.

Malinyi tukashusha mbolea, tukapakia mpunga kwa Baba Rozi, mteja wetu wa siku nyingi. Mzee huyu ana desturi, na ni ya wengi huku: dereva haondoki mikono mitupu, lazima apewe kitoweo. Kwa kuwa samaki aliyekufa hafiki Ifakara na joto lile, yeye anakupa kambale akiwa hai, ndani ya ndoo yenye maji kidogo. Ndio hao ambao mama wa nyumba ya jirani hunibanikia, nikakutumia. Kwenye bodi, kule nyuma kwenye mizigo, gunia zingewalalia, kwa hiyo siku zote ndoo huwa naiweka mbele, chini, pale abiria anapoweka miguu.

"Na wewe Deusi nikufungie ndizi kama kawaida," Baba Rozi akamwambia. Deusi ni Msabato. Kambale hana magamba, kwa hiyo kwao ni haramu, haliwi na hata kumbeba hapendi.

Tukaondoka, mimi usukani, yeye na ndoo. Barabara ile unaijua kwa kusikia. Kila shimo kambale anapiga mkia, maji yanaruka. Deusi akapandisha mguu mmoja kwenye kiti, kisha wa pili.

"Kaka, huyu jamaa wako ananiogesha."

"Vumilia."

Kabla ya Lupiro, taa ikawaka. Gari likakohoa. Nikakanyaga breki katikati ya barabara.

"Umegusa nini?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya kuuliza.

"Nigusie nini, kaka? Na miguu iko juu kama kuku wa mnadani?"

Akashuka kwa hasira, akaitoa ndoo, akaanza kukung'uta zulia la chini ili asikanyage yale maji ya haramu yake. Zulia likainuka. Chini yake lilipita fungu la nyaya zinazopanda kwenye kontroli boksi, ule ubongo wa gari unaosoma sensa zote, na soketi yake ilikuwa imelowa chepechepe. Tuliichomoa. Pini zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Si ya siku ile. Ya safari zote za kitoweo.

Tukatazamana. Mimi wa kwenda Malinyi na kurudi na kambale. Yeye wa kwenda Malinyi na kurudi na ndizi.

Tukaifuta kwa kanga ya kufungia chakula, tukaiacha wazi juani, tukakaa kwenye majani kusubiri ikauke. Hapo nikamuuliza kuhusu ile njiti, maana nilikuwa nimechoka kuibeba moyoni.

Akageuka kunitazama. "Kumbe ni yako? Kaka, mimi niliinua kiti kutazama maji ya injini, nikaikuta na uzi mwekundu, nikajua umeniwekea dawa nipate ajali. Nilienda kuitupa mtoni. Tangu siku hiyo nikipanda gari lile nasali. Nilimwambia Mama Rukia tupande wote, nikasema huwezi kuweka dawa kwenye gari ambalo na wewe umo."

Sikujua nicheke au nijifiche. Nilisikia aibu, mke wangu, na nilimwambia. Nikamwomba yale maji ya asubuhi, nikayanywa yote.

Saidi amezisafisha pini, ameifunga soketi vizuri na kuipandisha juu. Nimekwenda Malinyi tena, na tena. Taa imelala. Mama Rukia tulipomweleza akasema, "Kwa hiyo sensa zote zile nilikuwa namnunulia kambale." Funguo ninazo. Na amemwongezea Deusi zamu za Mngeta.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya goti inakuja na basi. Nisalimie dada yangu mkubwa Yusta, yule ngome yetu, na baba mdogo Zakaria aliyenifundisha kushika usukani wa trekta. Mwambie hakunifundisha habari za samaki.

Sasa fungasha. Chumba kipo na bati ni zima. Shukia Morogoro, upande basi la Ifakara. Siku mtakayofika nitakuwa njia ya Malinyi, kwa hiyo atakayewapokea stendi ni Deusi. Akikupigia, pokea. Mabegi mwachie ayabebe, na Tumaini akiwa amelala, mpe na yeye ambebe.

Mumeo anayekungoja,
Baba Tumaini