Sikio la Baba Mkwe

Dada Zuhura, shikamoo. Huku Ruangwa jua ni kali na mihogo ni mitamu, ila mimi nina kinyongo.

Nilimchora baba mkwe ili aache kuniita "yule mgeni". Nikapima kwa rula kama nilivyojifundisha mwenyewe, upana wa uso sawa na macho matano yaliyopangwa mstari, kisha nikaomba wanikosoe. Mama mkwe akataka nimrudishie mumewe meno. Shemeji akataka nimvalishe koti. Pua iliyonitesa asubuhi nzima hakuna aliyeitazama.

Akaingia mtani wao kutoka Nachingwea. "Hilo sikio la kushoto mbona limelala? Linasikiliza tumbo?"

Nikamshukuru, nikaona angalau huyu ana jicho. Nikafuta, nikalipandisha nusu sentimita.

Baba mkwe akashika sikio lake, ambalo kweli limelala. "Huyu ananitania kwa sikio hili tangu ujana. Na wewe umelifuta?"

Mtani alicheka mpaka akakaa chini. Picha imetundikwa sebuleni hivyo hivyo, na mbele ya wageni baba mkwe ananitambulisha kama "mkwe wangu, daktari wa masikio".

Nawakumbuka wote hapo nyumbani. Nitakuletea korosho na picha yako niliyoichora. Ukiipokea sema nzuri, basi.

Mdogo wako, Hamisi