Nyumba Inayopigiwa Kwanza

S.L.P. 88,
Kivela, Michigan.
7 Desemba 2014

Mpendwa Shangazi Marketta,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Oulu, wewe na Mjomba Juhani na Pihla mdogo. Je, Pihla amemaliza kuota meno? Na mgongo wako unaendeleaje? Baba alisema zamu za wodini zinakuchosha. Sisi hapa hatujambo, ila Mama ana mafua. Theluji imekwisha kufika kwenye madirisha ya chini, na Baba huanza kila asubuhi kwa kuchimba njia ya kufikia gari.

Nitatangulia kusema jambo moja ili usiisome barua hii kwa hofu: Babu yu hai. Alivunjika nyonga, lakini yu hai, na yuko hapa nyumbani kwetu, katika chumba changu. Mimi nalala sebuleni na sijali kabisa.

Nilitaka kukuandikia mapema zaidi. Mwalimu wetu hutuambia tuandike kwanza tulichokiona, halafu tulichokifikiri, nami nilihitaji siku kadhaa kuvitenganisha viwili hivyo.

Mwaka huu nimechaguliwa kuingia Kamati ya Vijana ya Wakfu wa Jamii. Huenda ulipokuwa shuleni haikuwapo. Unaukumbuka wakfu wenyewe, ofisi iliyo juu ya duka la dawa. Watu wa hapa huuachia fedha, wengine wakiwa hai na wengine katika wosia. Wakfu hauligusi fungu lenyewe. Hugawa kile tu kinachozaliwa nalo, mwaka baada ya mwaka, kwa vikundi vinavyofanya kazi bila faida: maktaba, jiko la wasio na chakula, wanaofundisha watoto kuogelea. Sehemu moja ya ugawaji wameikabidhi kwetu, wanafunzi kumi na wawili. Tunasoma maombi, tunakwenda kuona kwa macho yetu, tunaandika mapendekezo, kisha tunapiga kura. Kabla ya hapo sikuwahi kupewa kazi ambayo mtu mzima angeweza kuumia nikiikosea.

Mimi nilipewa Simu ya Asubuhi.

Tarehe 15 Novemba nilishuka katika chumba cha chini cha kanisa na kuwakuta bibi watatu, simu tatu na sahani ya mkate wa iliki. Mkubwa wao ni Bibi Tyyne, yule aliyekuwa akiendesha basi la shule. Kila siku isipokuwa Jumapili, kuanzia saa moja na nusu, huwapigia wazee arobaini na mmoja wanaoishi peke yao. Mzee akipokea, wanasalimiana na kuendelea na anayefuata. Asipopokea mara mbili, mmoja wao anachukua gari na kwenda kutazama. Kanisa halikuweza tena kuwalipia simu wala mafuta ya gari, na bila ruzuku yetu wangefunga mwisho wa Desemba, theluji ikiwa ndiyo kwanza inakomaa. Babu alikuwa wa ishirini na tatu katika orodha.

"Babu yako hupokea na kusema maneno mawili tu," Bibi Tyyne aliniambia. "'Sijafa.' Halafu anakata. Miaka mitatu sasa, sijapata salamu nyingine kwake."

"Mvumilie, Bibi," nikasema.

"Nimvumilie? Nilimbeba kwenye basi langu! Alikuwa hivyo hivyo tangu ana miaka kumi na saba na chunusi!"

Wakacheka wote watatu. Kisha saa ikafika moja na nusu, na kicheko kikakatika. Bibi Tyyne akapiga namba ya kwanza na kunipa mkono wa simu nisikilize.

Iliita mara kumi. Sijui nikueleze vipi, Shangazi. Simu inayoita katika nyumba yenye mtu ina haraka fulani. Hii haikuwa na haraka. Kila mlio ulikwenda mbali, kana kwamba unapita chumba kwa chumba kuangalia, kisha unarudi. Baada ya mlio wa kumi Bibi Tyyne alinipokonya simu, akaiweka chini taratibu, akatia alama kwenye orodha.

"Hakupokea," nikasema. "Hatuendi kumtazama?"

"Huyo ni Hilja, mwanangu. Alikufa miaka kumi na tisa iliyopita."

Utamkumbuka Bi. Hilja Ojanen, ambaye nyumba yake iko kwenye Barabara ya Misonobari, ng'ambo ya shamba la Babu. Nilipata habari zake zilizobaki kwa Bi. Petrelli, mkurugenzi wa wakfu. Bi. Hilja aliwahi kuanguka jikoni akalala sakafuni siku mbili, akisikia magari yakipita barabarani. Alipopona alianzisha Simu ya Asubuhi. Alipokaribia kufa aliuachia wakfu kila alichokuwa nacho, kwa sharti moja: "Nyumba yangu ipigiwe kwanza, niwepo nisiwepo." Kwa hiyo wakfu unaitunza nyumba ile, umeiacha simu yake ikiwa hai, na ufunguo uko mezani kwa Bi. Petrelli.

"Tukipokea mali ya mtu, tunapokea na matakwa yake," Bi. Petrelli alisema. "Lakini miaka imepita mingi. Kamati yenu ikiona sharti hili halina maana tena, andikeni. Bodi itasikiliza."

Nakuungamia kwamba niliandika. Nilipendekeza Simu ya Asubuhi ipewe ruzuku, ila simu ya kwanza iondolewe, kwa sababu kumpigia marehemu ni kupoteza dakika za walio hai. Niliuona ni uamuzi wa busara, na niliupigia mstari kwa rula. Corwin Trezona, anayekaa karibu nami kwenye kamati, aliusoma akasema, "Lakini Senja, akipokea je? Tutamwambia nini, kwamba ruzuku imeisha?" Tulicheka mpaka Bi. Petrelli akagonga meza.

Tarehe 29 Novemba, Jumamosi, nilirudi kanisani kwa sababu nilisahau kuchukua sahihi ya Bibi Tyyne kwenye fomu. Usiku kucha theluji ilikuwa imeanguka bila upepo, na mji ulikuwa kimya kabisa. Bibi Tyyne aliniruhusu nipige ile namba ya kwanza mwenyewe. Nilifikiri nitakuwa mtu wa mwisho kuipiga, nikaona vizuri niipige kwa heshima.

Ikaita mara moja. Ikaita mara mbili. Mara ya tatu ikapokelewa.

Hakuna aliyesema neno. Nilisikia chumba tu. Najua chumba hakina sauti, lakini nilikisikia: upana wake, baridi yake, na mtu aliyetulia ndani yake kama anayemsubiri mwenzake amalize kufikiri. Nikasema tulivyofundishwa, "Habari za asubuhi, hapa ni Simu ya Asubuhi." Kimya. Kisha simu ikawekwa chini, polepole, kwa adabu.

Nilipogeuka, Bibi Tyyne alikuwa ananitazama mkono.

"Iliita mara ngapi?"

"Tatu."

"Ikapokelewa?"

"Ndiyo, Bibi. Huenda nimekosea namba."

Alikuwa tayari amesimama, anatafuta mkono wa koti. Aliwaambia wenzake waendelee na orodha na wampigie Bi. Petrelli alete ufunguo, kisha akanivuta hadi kwenye gari. Njiani aliendesha akiwa amekaribia kioo, na nilipomuuliza tunakwenda kufanya nini alisema hivi, nami nayaandika kama yalivyo:

"Kwa watu wengine wote, kimya ndicho kinachotutoa mbio. Kwa Hilja, ni simu kupokelewa."

"Imewahi kutokea?"

"Mara moja. Tukacheka. Hatukwenda, na nimejuta mpaka leo."

Akaongeza mwendo.

Theluji kwenye Barabara ya Misonobari ilikuwa haijakanyagwa. Tuliliacha gari na kutembea. Nyumba ya Bi. Hilja ilikuwa giza, mapazia yamefungwa, na juu ya ngazi za mbele kulikuwa na kitu nilichodhani ni gunia. Kisha nikaiona kofia nyekundu uliyomfumia.

Babu alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea mlangoni. Nyuma yake, kuvuka shamba lote, kulikuwa na mfereji mmoja katika theluji, mahali alipojikokota. Nilitazama kwa makini, Shangazi, kwa sababu nilijua nitaulizwa. Zaidi ya mfereji ule hapakuwa na alama yoyote, wala ya kuingia nyumba ile wala ya kutoka.

Bibi Tyyne alipiga magoti. "Eino! Eino, we mkaidi, unanisikia?"

Midomo yake ilikuwa ya buluu. "Sijafa," akasema.

Bibi Tyyne alianza kulia na kumtukana kwa wakati mmoja. Tulimfunika kwa makoti yetu yote mawili, nami nikakimbia hadi mahali simu ya mkononi inaposhika.

Daktari alisema Babu asingefika saa tatu akiwa hai. Zamu yake kwenye orodha hufika karibu na saa tatu. Nimelipigia hesabu jambo hili mara nyingi nikiwa nimelala sebuleni.

Baada ya siku mbili aliweza kutueleza. Alitoka alfajiri kutazama ua uliolemewa na theluji, akateleza, akasikia mfupa. Akalala pale akiita, na hakuna wa kumsikia. Kisha akasikia simu ikiita katika nyumba ya Bi. Hilja. Akafikiri, wako watu, na akaanza kujikokota kuifuata. "Iliita na kuita," alisema. "Kila nilipotaka kulala iliita tena. Nilisema moyoni, si mpokee basi, niwakute macho! Nilipofika kwenye ngazi, wakapokea."

Baba anasema baridi humfanya mtu asikie mambo. Huenda ni kweli. Mimi najua tu kwamba niliacha iite mara tatu.

Bi. Petrelli aliufungua mlango siku ile ile, mbele yangu. Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ndani, vumbi lilikuwa limetanda sakafuni bila alama ya unyayo. Simu ilikuwa mahali pake, ukutani jikoni. Ilikuwa na vumbi kila mahali isipokuwa kwenye mkono wake.

Bi. Petrelli alirudi mlangoni na kutoa ufunguo mfukoni. Halafu akasema, "Hili halitaingia kwenye taarifa yako, Senja," nami nikasema, "Hapana, mama," na tukafunga mlango.

Kura ilikuwa Alhamisi iliyopita. Kamati ina kanuni: mwenye ndugu anayesaidiwa na kikundi hapigi kura juu ya kikundi hicho, anatoka nje. Kabla ya kutoka niliomba kusema neno. Niliuondoa ule ukurasa wenye mstari wa rula, nikauchana mbele yao, nikasema kwamba nilikosea, na kwamba naomba simu ya kwanza ibaki kwanza. Sikutoa sababu. Wote walikwisha sikia mjini. Kisha nilikaa kwenye korido, karibu na picha za waliouachia wakfu mali zao. Bi. Hilja ni wa tatu kutoka dirishani. Amevaa sweta la kawaida na hatabasamu, lakini ameinamisha kichwa upande mmoja kidogo, kama anayetega sikio.

Corwin ndiye aliyekuja kuniita. Hakuwa na mzaha safari hii. "Miaka mitatu," alisema. "Simu, mafuta, vyote. Na Bi. Hilja wako anabaki wa kwanza. Hakuna aliyepinga." Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Mimi nisingethubutu."

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichukue karatasi. Baba anajua kwamba nakuandikia, ila hajui nitasema hili. Nilikuwepo mezani miaka minne iliyopita Babu alipokataa kuliacha shamba. Nakumbuka ulivyomwambia kabla ya kuondoka, kwamba atakufa peke yake na hakuna atakayejua. Ulikuwa unamwogopea, nilikuwa na miaka kumi na mmoja na hata mimi nililiona hilo. Sidhani yeye aliliona. Nyumba yetu haijasikia sauti yako na yake pamoja tangu siku ile.

Hawezi kusema kwamba amekukumbuka. Unamjua. Lakini wiki hii ameniuliza mara mbili, huko Oulu sasa hivi ni saa ngapi, na mara zote mbili aliligeukia dirisha kabla sijamjibu.

Bibi Tyyne ameihamishia simu ya Babu ya kila asubuhi hapa kwetu. Jana Jumamosi, kanisani, niliipiga mimi simu ya kwanza, ile ya Bi. Hilja. Iliita mara kumi, ikapita chumba kwa chumba, na hakuna aliyepokea. Nilishukuru. Niliiweka chini taratibu, kama ilivyowekwa siku ile, kisha nikampigia Babu.

Jumapili bibi hawapigi simu. Hata hivyo leo, saa moja na nusu, nilimkuta Babu amekwisha kaa karibu na simu, amechana nywele. Hakuna aliyepiga. Kwenu ilikuwa saa nane na nusu mchana. Namba yetu ni ile ile.

Msalimie sana Mjomba Juhani, na umbusu Pihla mashavu yote mawili. Mama na Baba wanakusalimu. Babu hajui kwamba naandika, kwa hiyo salamu zake nimezichukua mwenyewe bila ruhusa. Mungu awalinde njiani na nyumbani, na asimwache yeyote wenu bila mtu wa kumuuliza ameamkaje.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Senja Karvonen