Keza Ameacha Tena Kuuliza

Mulongwe, Uvira
Tarehe 12 Novemba 2024

Mpendwa tantine Claire,

Nakusalimu kutoka huku kando ya ziwa. Je, mgongo umepungua kuuma? Na joto la Lubumbashi mnaliweza? Sisi tunapumua, ingawa mvua imeanza na kila jioni tunautazama mto kwa hofu. Mama, dada yako, anakohoa kidogo lakini anakula.

Tantine, nimefukuzwa kazi. Sina mwingine wa kumweleza, maana ni weye uliyenionyesha namna ya kufundisha watoto wadogo.

Nilikuambia kwa simu habari za Keza, yule wa miaka mitano ambaye mama yake alichukuliwa na maji mto ulipoingia manyumbani. Tangu siku ile hakusema neno, hata kwa bibi yake Nizigama anayemlea. Darasani alikaa mlangoni tu.

Mwezi uliopita watoto waliokota viluwiluwi kwenye mtaro nyuma ya shule. Niliacha somo la siku ile, tukavitia ndani ya beseni. Kila mtoto akauliza lake: vinakula nini, miguu itatokea wapi. Sikuwajibu. Niliwaacha wachungulie, wajaribu majani, wachore walichokiona. Siku moja Keza alisogea, akatia kidole majini, akaniuliza, "Mama yao iko wapi?"

Tulienda sote mtaroni kumtafuta chura. Kuanzia hapo Keza aliuliza tangu asubuhi mpaka tunafunga, na bibi yake akaja kunishukuru akilia.

Lakini wazazi wengine walikasirika. Mmoja wao, Frédéric, baba ya Vainqueur, alimwambia direkta wa shule mbele yangu, "Minye nalipa mtoto asome, hapana achezee bachura. Mtoto wa jirani anahesabu kwa Kifaransa." Nilijaribu kueleza kwamba hata hawa wanahesabu, wanahesabu miguu inavyotokea. Hakunisikiliza.

Ijumaa direkta aliingia, akabeba beseni, akalimwaga uani kwenye jua. Watoto walikimbia kuviokota kwa viganja. Keza akamshika suruali akitaka kujua sababu: "Unabamwanga juu ya nini?" Direkta akamtoa mkono, akamwambia anyamaze, shuleni anayeuliza ni mwalimu. Hapo nilimpazia sauti mbele ya watoto, naye akaniambia nisirudi.

Sasa darasa lina mwalimu mwenye fimbo. Wanaimba alfabeti, nawasikia nikipita barabarani. Keza anagoma mlangoni, na hasemi tena. Nimewaendea wazazi nyumba kwa nyumba. Wengi wananihurumia, hakuna anayekubali kwenda kwa direkta. Naogopa, tantine. Mara ya kwanza Keza alirudi kwetu. Sijui kama atarudi mara ya pili.

Leo asubuhi bibi yake alimleta kwangu, akasema, "Kaa naye, mwalimu. Minye nimeshindwa." Tulienda mtaroni. Alichuchumaa akitazama maji mpaka mchana, nami sikumwuliza kitu. Kesho tutarudi, nitachuchumaa tena kando yake nikingoja aulize yeye. Sijui njia nyingine. Kama unayo, niandikie upesi.

Nisalimie mumeo, tonton Damien, na Chérie na Déborah. Mungu awatunze huko, na amrudishie mtoto huyu sauti yake.

Mimi mtoto wako nikupendaye,

Domitille