Chuma cha Pazia

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Uji wa mtoto usiupashe mara mbili. Nunua mafuta ya kupikia, maana jana uliyamalizia kulainishia chuma ulipokuwa unakikata.

Asubuhi nilivuta pazia la dirisha likaniangukia kichwani, nikabaki na taulo mbele ya jirani anayepiga mswaki. Akanisalimia. Nikaitikia, ningefanyaje? Ndipo nikakikuta chuma cha pazia mezani kwako, umeshakikata na kukichonga thredi, ile mikunjo ya kupitishia nati, kwa ajili ya kitreni chako cha kuchezea cha bati. Najua dukani hawauzi kipande, wanauza chuma kizima cha mita sita. Lakini pazia, mume wangu?

~~Usiguse tena chuma chochote humu ndani.~~

Hiyo nimeifuta, kwa sababu niliijaribu nati kwenye thredi yako. Ilizunguka laini mpaka mwisho, haikukwama popote. Una mkono, sikatai. Hilo ndilo linalonichosha: kitanda chetu kinakosa bolti mbili, mwaka wa pili huu tumekiwekea tofali.

Kipande cha chuma kilichobaki nimekilaza juu ya mto wako.

Mkeo,
wa upande wa kitanda unaoinama