Chenji ya Baba

Mtaa wa Sogea,
Tunduma,
Songwe.
21 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Germana,

Shikamoo Shangazi. Pokea na shikamoo ya pili, ya mume wangu Brayson, ambaye bado hujamwona kwa macho lakini kila jioni ananiuliza habari zako kana kwamba alikulia uani kwako. Mguu unaendeleaje? Kaka Makene alinieleza kwamba sasa unafika hadi zizini kwa fimbo na unarudi bila kushikwa mkono. Nilifurahi sana. Macho je? Huyo anayekusomea barua hii namwomba asome polepole, na pale utakapomwambia anyamaze kidogo, anyamaze.

Sisi huku tunapumua. Mama yuko nasi hapa Tunduma tangu matanga yaishe. Anakula kidogo, analala kidogo, asubuhi anafagia uwanja mara mbili. Upepo wa Septemba umeanza na vumbi la malori limejaa hadi kwenye sahani, lakini tu wazima.

Shangazi, nianze na la furaha, maana najua umelisubiri. Ndoa yangu ni tamu. Naandika neno hili huku nikiona aibu, kwa sababu nimevaa nguo ya msiba, lakini ni kweli na siwezi kukudanganya. Brayson ni Mnyiha wa Mbozi, mwendesha bodaboda, mrefu, mpole, ana mwanya ambao akicheka nasahau nilikuwa naongea nini. Kila asubuhi ananipeleka kazini kabla hajabeba abiria yeyote, anasema abiria wa kwanza wa siku lazima awe mimi ili siku ibarikiwe. Usiku ule wa habari mbaya alinishika mkono hadi kukapambazuka. Mungu alinipa mume mwezi wa saba, akamchukua Baba mwezi wa nane. Sijui nimshukuru kwanza au nimlilie kwanza.

Najua hukuweza kuja kuzika, na najua ulivyolia kwenye simu. Habari ya kifo unayo. Lakini kuna jambo moja ambalo kwenye simu sikuliweza. Ndiyo maana nimeandika na kumpa Makene akuletee mkononi.

Unajua kwamba nauza mafuta pale sheli ya barabara ya mpakani. Kazi yetu ina adabu zake, Shangazi, hasa kwenye chenji. Mteja mwenye adabu hutaja kiasi kabla sijashika bomba, na noti yake huionyesha mapema. Mimi namwonyesha mashine, nasema, "Sifuri hiyo," naye anaitikia kwamba ameiona. Asubuhi, kabla hatujapata sarafu, si uungwana kuja na noti ya elfu kumi kwa mafuta ya elfu mbili. Na chenji ikiwa ndogo na foleni ni ndefu, mteja muungwana husema "ibaki" huku anawasha pikipiki. Hiyo ibaki ndiyo maji yetu ya kunywa na sabuni. Hata madereva wa malori wa Zambia wanajua, wanainua mkono tu na kusema, "Basi, mukwai," neno lao la heshima, wanaondoka.

Baba hakuwahi kusema ibaki hata siku moja.

Alikuwa anakuja kutoka kule bondeni, upande wa Chitete, mwendo wa saa mbili na nusu za mawe na mashimo, na pikipiki yake nyekundu imefungwa dumu la dawa ya ng'ombe nyuma. Mara mbili kwa mwezi, wakati mwingine mara tatu. Kiasi chake hakikubadilika. "Weka ya elfu tisa na mia tano, binti." Noti ya elfu kumi. Kisha anashuka, anavua kofia, anasimama kusubiri mia tano yake. Nikikosa sarafu, nakwenda kwa Irene pampu ya pili, Irene akikosa naenda dukani, na Baba anasubiri tu, ananiangalia ninavyokwenda na kurudi. Nikimpa, anaipokea kwa mikono miwili na kuniuliza, "Umekula?" Ndipo anaondoka.

Watoto wa bodaboda wakampa jina, Mzee wa Jero. Jero kwao ni hiyo mia tano.

Shangazi, sikumwambia mtu yeyote pale kwamba ni baba yangu. Sijui kwa nini. Siku ya kwanza niliona kandambili zake za tairi na vumbi hadi kwenye kope, nikanyamaza, na ukishanyamaza siku ya kwanza, siku ya pili inakuwa ngumu zaidi. Naye hakunifichua. Mbele za watu aliniita binti, nikadhani ni kwa kuheshimu kazi yangu.

Mwezi wa pili, siku moja ya Ijumaa, foleni ilifika hadi barabarani. Mvua ilikuwa inanyunya. Brayson alikuwa kwenye foleni, wa tatu nyuma ya Baba. Wakati huo alikuwa bado hajaniambia lolote, lakini nilikuwa nimeshaanza kupaka mafuta midomoni kwa ajili yake. Baba akaweka ya elfu tisa na mia tano, akashuka, akavua kofia.

"Mzee wa Jero, leo utatulaza hapa!" mmoja akapiga kelele.

"Dada, mpe pipi aende!"

"Mpe bomba anuse, inatosha mia tano!"

Wakacheka wote, na Irene naye akacheka. Nikaona Brayson ananitazama. Nikamwambia Baba, kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mzee, chenji hakuna. Sogeza pikipiki, wenzako wananunua."

Nilimwita Mzee, Shangazi. Kama mtu aliyepita njia.

Hakukasirika. Alivaa kofia yake taratibu. Brayson akatoka kwenye foleni, akamfuata na sarafu ya mia tano mkononi, akasema, "Shikamoo baba, chukua hii yangu." Baba akamjibu, nami nilisikia: "Marahaba kijana, ahsante. Lakini wewe sikudai. Ninayemdai ni yule." Akasukuma pikipiki hadi barabarani ndipo akaiwasha.

Hakuja tena. Machi hakuja, Aprili hakuja. Nilipompigia simu tulizungumza mambo ya mahindi na ng'ombe, la sheli halikutajwa. Kisha Brayson akaenda kuposa. Baba alimtambua, akasema mbele ya wazee, "Wewe ndiye uliyetaka kunilipia deni la mtu. Kaa." Basi. Brayson aliporudi aliniuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo yule alikuwa baba yako?" Nikalia, akaninyamazisha, na tangu hapo hajaniuliza tena. Ndipo nilipojua nimepata mume.

Sasa sikiliza la harusi. Wakati wa zawadi, Baba alipanda mbele na Mama, akatangaza mtamba wake mwekundu, watu wakapiga vigelegele. Nilidhani amemaliza. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya elfu kumi, akasogea kwenye kipaza sauti na kusema, "Weka ya elfu tisa na mia tano, binti."

Wenzangu wa sheli walikuwa meza ya pembeni. Wakaduwaa, kisha Irene akashika mdomo. Mimi machozi yalishaharibu poda yote. Nikachukua kipaza sauti, nikasema kama nilivyofundishwa kazini, "Sifuri hiyo, Baba." Nikarudia, "Baba." Ukumbi ulilipuka. Akasema, "Nimeiona. Chenji yangu?" Nikamwambia, "Leo sina, Baba. Nitakuletea mwenyewe nyumbani." Akavua kofia yake mpya, akacheka hadi mabega yakacheza, akasema, "Sawa. Nitakungoja."

Alinisamehe mbele ya watu wote, kama nilivyomkosea mbele ya watu. Kilichobaki ni mimi kwenda tu.

Na sikwenda, Shangazi. Hapo ndipo moyo wangu unapochomwa. Wiki ya kwanza tulisema bibi harusi hatoki. Ya pili nilikuwa natundika mapazia. Kila kitu kilikuwa kipya, hata kumfulia mume wangu shati niliona ni sherehe. Baba alipiga simu: "Chenji yangu ipo?" Nikamjibu, "Ipo Baba, nakuja Jumamosi." Jumamosi ile Brayson akaamka na furaha, akasema hajawahi kunitembeza popote, twende Mbozi tukaone Kimondo. Nikasema Baba atangoja, si ameshasema atangoja? Tulikwenda. Tulipiga picha mimi nimeegemea lile jiwe la kutoka mbinguni, nimevaa gauni la njano, nacheka. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nimeifunika kwenye sanduku.

Jumatatu alishikwa na homa na kifua. Alhamisi alfajiri Makene akatafuta gari la kumpeleka hospitali. Unazijua njia zetu za bondeni. Walikuwa bado hawajafika lami alipokata roho, kichwa kikiwa mapajani kwa Mama.

Siku ya mazishi, kabla ya mwili kushushwa, Baba mdogo Sadoki alisimama kama msemaji wa familia na kutangaza kama kawaida, kwamba mwenye kumdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, ajitokeze. Hapo huwa watu wananyamaza, shughuli inaendelea. Nikanyoosha mkono.

"Mimi nadaiwa," nikasema.

"Wewe, Restuta? Unadaiwa nini?"

"Mia tano."

Mtu mmoja nyuma alitaka kucheka, akakohoa. Nilikuwa nayo kiganjani, nimeishika tangu nyumbani hadi imepata joto. Nikaomba kuiweka kaburini. Baba mdogo alitikisa kichwa, lakini hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, kaburi halipokei deni. Deni la marehemu hupokewa na ndugu zake. Mimi ni mdogo. Aliyemlea kaka ni Germana. Mpelekee yeye."

Nilifikiri uchungu umeishia hapo. Usiku wa matanga niliingia stoo kutafuta ndoo, nikakuta dumu la petroli la lita ishirini, limejaa pomoni. Nikamuuliza Mama, kwa nini Baba alikuwa anahangaika kuja hadi Tunduma kununua mafuta, na mafuta yapo ndani? Mama akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mdogo.

"Baba yako alikuwa anaikamua ile pikipiki kama ng'ombe," akasema. "Kila akitaka kuja huko, anafungua mpira, anamwaga kwenye dumu, anabakiza ya kumfikisha tu. Nikamwambia, mume wangu, umechanganyikiwa? Akasema, nikifika na tanki limejaa, nitamwambia nini yule mtoto?"

"Na mia tano je, Mama?"

"Alisema ukimwambia mtu ibaki, umeshaondoka. Yeye asiposema, anapata kukuona wewe unakwenda na kurudi."

Shangazi, mimi nilikuwa nakimbia ili aondoke haraka.

Siku hizi nikiwa kwenye pampu, mzee yeyote akisubiri chenji yake simharakishi. Naitafuta hadi naipata, nampa kwa mikono miwili, namuuliza kama amekula. Bodaboda wakipiga kelele nawaambia wanyamaze, nao wananyamaza. Brayson ndiye amewaeleza, nadhani.

Nisalimie watu wote wa hapo nyumbani: mjomba Masanja na mkewe, Rosemary na mapacha wake, na bibi wa jirani anayekuletea maziwa. Mama anakusalimu sana, anasema mvua za kwanza zikipita atakuja akae nawe mwezi mzima. Brayson naye ameanza kuweka akiba ya nauli yetu sote. Ukimwona utampenda, Shangazi, utakumbuka kwamba nilikuambia. Mungu akupe nguvu ya mguu na usingizi wa usiku, na akuweke hadi tufike.

Ndani ya bahasha, chini kabisa, nimefunga kitu kwenye kitambaa cha njano. Nimelikata lile gauni la Kimondo. Mwombe anayekusomea akufungulie, na uishike mwenyewe mkononi. Ni mia tano. Ni ileile niliyokuwa nayo kaburini, sijaibadilisha.

Najua kwa upendo wako utataka kumwambia Makene airudishe, useme mtoto akanunue sabuni. Nakuomba kwa magoti, Shangazi, usiseme ibaki. Ipokee kwa mikono miwili kama alivyokuwa anapokea yeye, kisha unipigie simu, usiniambie kitu kingine chochote. Niulize tu kama nimekula.

Mwanao anayekupenda na kukungoja simuni,

Restuta Mhoja