Nyota ya Njano Ukutani

Jumanne, 3 Machi 1942

Niwie radhi, daftari langu. Sijakugusa tangu Krismasi. Vita vimetuingilia nyumbani — sukari haba, vijana wanaondoka kwa kila treni — nami nimefanywa mwenyekiti wa kamati ya mchoro wa posta.

Leo mchoraji, Bwana Lindqvist, amemaliza. Mavuno ya mahindi, ukuta mzima! Sura zote ni za watu wetu. Mwenye gunia begani ni Wendell Kratz. Alisimama achorwe mavuno yaliyopita, kabla ya kupelekwa Ufilipino. Kazi safi. Jimbo zima la Iowa halina ukuta kama huu.

Alhamisi, 5 Machi

Balaa! Mchoraji ameongeza nyota kwenye dirisha la nyumba ya akina Kratz mchoroni. Ya njano! Hapa kila mtoto anajua: nyota ya buluu dirishani, mwanao yuko vitani; ya dhahabu, amekufa. Wendell hajulikani alipo tu, hakuna aliyesema amekufa. Alma, mama yake, aliingia kununua stempu. Akatazama juu. Akakaa sakafuni.

Bwana Lindqvist alihamia kutoka Uswidi baada ya vita vile vya kwanza, hakujua. Alitaka ipatane na mahindi, anasema. Maskini, analia.

Jumamosi, 7 Machi

Kikao: nyota ipakwe buluu au iachwe njano? Elmer Stroud, muuza mbegu, anataka iachwe.

"Tusidanganyane, Mwalimu. Mwezi ujao tutairudisha njano hiyo hiyo."

Nilimfundisha Kilatini. Hakuwahi kungoja sentensi iishe.

"Kaa chini, Elmer. Hatukukupa kazi ya kuzika watu."

Kura mbili kwa mbili. Yangu ndiyo itakayoamua, nayo ni buluu. Nitaitangaza Jumatatu.

Jumatatu, 9 Machi

Naandika kwenye kaunta ya posta, kwa kalamu yao inayokwaruza. Nilitangaza. Alma akanishika mkono.

"Ahsante, Mwalimu. Lakini hili usinichagulie."

Akavua glavu. "Shuka, Bwana Lindqvist. Nipe brashi."

Na nani anashika ngazi? Elmer!

"Taratibu, Mama Wendell."

"Wewe shika ngazi. Mdomo haushiki kitu."

Tumecheka wote, hata Elmer. Sasa Alma yuko juu ya ngazi. Kopo la buluu liko wazi kando yake. Brashi bado kavu. Hajaitazama nyota. Anafuta vumbi kwenye shavu la mwanawe, kwa kidole alichokilowesha mate, kama anayemtayarisha kwenda kanisani.

Sina wasiwasi naye. Akishashuka, nitaandika hapa chini amechagua rangi gani.